Mbuzi wa Kukataa

Sehemu ya Kumi na Moja

Tulimwacha Syombua langoni kwake, gunia la unga mgongoni, macho yamemtoka. Mbuzi alikuwa amesimama katikati ya lango, na aliyeshika kamba ya yule mbuzi alikuwa Muthama, kaka yake wa tumbo moja, ambaye hakuwa amekanyaga Kyuso tangu siku ile alipomsindikiza dada yake kuja kuolewa.

Kama wiki jana gazeti lilikupita, usihangaike, nitakurudisha hatua mbili nyuma. Syombua ni mke wa Kalekye. Ndiyo, umesoma vizuri. Kalekye hakujaliwa mtoto, mumewe Nyamai akafa na kumwachia shamba lisilo na mrithi, naye mama akafanya walivyofanya bibi zake. Alipeleka mbuzi Matiliku, kule Makueni, akaoa msichana wa kumzalia nyumba yake watoto. Wakamba humwita mwanamke huyo iweto. Miaka tisa Syombua amelima hapo, amepika hapo, amezaa hapo Kavindu na mdogo wake aliyepewa jina la marehemu, na shamba la marehemu ni la watoto hao.

Halafu lilikuja lile Shirika la kugawa pesa kwa simu. Kila boma simu moja, na simu ya boma hili ilikuwa ya Syombua. Nyumba ikaezekwa mabati, tangi la maji likasimama pembeni ya jikoni, zizi likapata mbuzi. Majirani wakasema Mungu amemkumbuka Kalekye. Kesho watu wa Shirika wanarudi kabla ya kutuma pesa ya pili, nao watauliza swali lile lile: hapa wanaishi nani na nani?

Na leo, mtu amesimama langoni na mbuzi.

"Hiyo mbuzi ni ya nini, Muthama?"

"Si usalimie watu kwanza, sista."

"Nimekuuliza hiyo mbuzi ni ya nini."

Muthama aliangalia viatu vyake. Vilikuwa vipya. "Nimekuja kukuchukua. Twende nyumbani."

"Nyumbani ni hapa."

"Si hapa tena."

Sasa Syombua alielewa. Kwa Wakamba ndoa haivunjwi kwa kelele wala kwa barua ya wakili. Huvunjwa kwa mbuzi. Watu wa mwanamke wanamleta mbuzi wa kukataa, anachinjwa mbele ya mashahidi, na nyama ikishaliwa ndoa nayo imekwisha. Mwanamke anafunga virago. Watoto waliozaliwa kwa ajili ya nyumba ile hubaki wakigombaniwa kama shuka la marehemu.

Alimsukuma kaka yake kando akaingia uani.

Mashahidi walikuwa wameshafika. Kwenye kiti cha plastiki alikaa Mzee Mutie wa ukoo, kisu mapajani, kiondo kitupu miguuni. Tusimseme vibaya mzee, lakini kiondo kile kilikuwa kikubwa kwa mtu aliyekuja kushuhudia tu. Kando yake alisimama Mulinge, mtoto wa kaka yake marehemu Nyamai. Mulinge hununua ndengu pale sokoni Kyuso, ni shemasi kanisani, na shati lake ni jeupe siku zote, hata msimu wa vumbi.

"Karibu, shemeji," alisema Mulinge kwa upole, kana kwamba boma lilikuwa lake. "Tua mzigo. Hii maneno tutaimaliza kwa amani."

"Maneno gani?"

"Watu wako wameamua kukurudisha."

Syombua alitua gunia taratibu, asije akalia mbele yao. Kisha akamgeukia Muthama. "Hii ni kwa sababu nilikunyima pesa ya nduthi?"

"Sista, usilete hiyo story."

"Ulinipigia simu, ukasema wauzaji wanataka pesa kidogo tu ya kuanzia ndio wakupatie pikipiki. Nikakuambia pesa imeingia kwa tangi. Ndio umeamua kuvunja nyumba yangu?"

"Nduthi nitapata," alisema Muthama. "Kuna mtu amenisaidia."

Jicho lake lilimponyoka, likaenda moja kwa moja kwa lile shati jeupe, likarudi. Lakini Syombua aliliona.

Alicheka. Kicheko cha mtu aliyeona mwivi akipanda ukuta kumbe mlango uko wazi na mbwa amelala hapo. "Mzee Mutie, mbuzi ya kukataa inaletwa wakati mtu amekataa. Si ndio?"

"Ndio," alisema mzee.

"Mimi nimekataa nani?"

"Wewe hujakataa. Umekataliwa."

"Na nani?"

Mzee alikisafisha kisu kwa kidole gumba. Mulinge alilitazama tangi la maji kwa makini, mtu angedhani analinunua.

Basi Syombua aligeuka kuelekea mlango wa nyumba na kumwita mama kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika wote wa dunia hii. "Mwaitu! Mwaitu, toka nje uambie hawa watu wamekosea boma!"

Kalekye alitoka. Alikuwa amejifunga leso mpya, ile ya maua ya buluu ambayo Syombua alimnunulia pesa ya kwanza ilipoingia, kabla hajajinunulia yeye mwenyewe hata kitambaa cha kichwa. Alisimama kizingitini na hakumtazama usoni.

"Wacha ndugu yako akuchukue," alisema.

Msomaji, mimi nimeandika mambo mengi katika ukurasa huu. Nimeandika wanaume waliokimbia wake zao na wake waliokimbia madeni. Lakini sentensi hiyo ilinishinda kuandika mara moja. Niliinuka nikanywa maji.

"Mwaitu," alisema Syombua. "Umesema nini?"

"Umesikia."

"Nimekukosea nini?"

"Unauliza?" Sasa mama alimtazama, na macho yake yalikuwa makavu na makali. "Nani alioa mwingine hapa? Ni mimi nilikuoa. Mbuzi ilitoka kwa zizi yangu. Miaka yote ukitaka chumvi ulikuwa unakuja kwangu, nami nafungua hii leso nakupa. Halafu hiyo simu yako ikalia. Tangu siku hiyo ni mimi naomba."

"Nimekunyima siku gani?"

"Hukuninyima!" Kalekye alipiga fremu ya mlango kwa kiganja. "Ungeninyima ningekutukana, tungemaliza. Ulikuwa unanipa. Lakini kwanza uniulize. Nilikuambia nataka pesa ya ugoro, ukasema, 'Ya nini, mwaitu?' Mbele ya watoto. Mimi, kwa nyumba ya Nyamai, naulizwa ya nini!"

Syombua alikumbuka. Alikuwa anakanda unga siku hiyo, mikono imejaa, simu iko juu ya kabati, na alisema neno lile jinsi mtu anavyosema neno lolote. Hakujua limeingia kifuani mwa mtu likakaa humo. Aliona aibu, na juu ya aibu akasikia hasira, maana kwa ugoro tu mtu anatupwa nje na kutengwa na watoto wake?

"Mulinge ameniambia," aliendelea Kalekye. "Kesho hao watu wakikuta niko peke yangu, mjane bila mtu, watanipa simu yangu na pesa yangu."

"Ni ukweli," alidakia Mulinge. "Na hata kanisa haitambui hii ndoa yenu, shemeji. Tunafanya tu kitu safi. Mzee, tuendelee. Jua linaenda."

Mzee Mutie aliinuka, magoti yakalia. "Muthama, lete mbuzi."

Muthama alivuta kamba. Mbuzi aligoma. Alivuta tena, na Syombua, ambaye sasa machozi yalikuwa yanamshuka bila ruhusa, alisema kwa sauti ya kukatika, "Muthama, kwa nini lakini?"

Mbuzi aliposikia sauti ile alitega masikio. Akalia.

Na kutoka zizini, nyuma ya nyumba, kitoto cha mbuzi kikamjibu.

Syombua aliacha kulia. Alimtazama yule mbuzi vizuri kwa mara ya kwanza. Mwili wa kahawia. Sikio lililopasuka kidogo nchani. Miguu yote minne ya giza, lakini mmoja wa mbele ulikuwa mweusi kupita kiasi, mweusi wa kung'aa.

Jumapili iliyopita, Syombua na watoto wakiwa kanisani na Kalekye amebaki nyumbani kwa sababu ya mguu, mbuzi mmoja alipotea. Kalekye alisema ni fisi, tena mchana kweupe. Kavindu alilia hadi akalala bila kula, maana mbuzi yule alikuwa kipenzi chake na alimwita Soksi, kwa ajili ya mguu wake mmoja mweupe hadi gotini. Soksi aliacha kitoto kinachonyonya, na wiki nzima Syombua amekuwa akikilisha maziwa kwa chupa ya soda.

Hakusema kitu. Alikwenda zizini, akaondoa mti wa mlango.

Kitoto kilitoka mbio. Kilipita kati ya miguu ya Mulinge, kikamruka Mzee Mutie kiondo chake, kikaenda kujitumbukiza chini ya yule mbuzi wa kukataa na kuanza kunyonya kwa fujo, mkia ukitikisika. Mbuzi alitulia tuli. Uani hapakusikika kitu ila ile sauti ya kunyonya.

Syombua alipiga goti, akashika ule mguu mweusi, akaupangusa kwa ncha ya leso yake. Leso ikatoka na oili chafu ya pikipiki. Mguu ukatoka mweupe.

"Fisi amemrudisha," alisema. "Mwaitu, huyo fisi yako ana adabu."

Kalekye aliinamisha kichwa. Muthama aliiachia kamba kidogo, kisha akaishika tena, hakujua la kufanya na mikono yake.

"Nilimnunua hii mbuzi kwa mnada," Syombua alisema. "Kwa pesa ya Shirika, nikasema watoto wa Nyamai wawe na maziwa. Mkaniibia mbuzi yangu, mkampaka oili, mkamrudisha kwangu kunifukuza. Muthama, wewe ni mtoto wa mama yangu. Hata mbuzi ya kunikataa ulishindwa kununua?"

"Ni Mulinge alisema..." alianza Muthama.

"Nyamaza," alisema Mulinge.

Mzee Mutie alikuwa amekiinamia kile kiwele, akakiangalia muda mrefu. Alipoinuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeahidiwa nyama akaletewa mboga. "Mimi sichinji hii."

"Mzee, mbuzi ni mbuzi," alisema Mulinge.

"Aka! Mbuzi ya kukataa inatoka kwa watu wa mwanamke. Hii imetoka hapa hapa. Wewe unaweza kuniibia jembe yangu, uniletee jembe yangu, halafu useme umenilipa?" Alirudisha kisu ndani ya ala. "Hakuna ndoa imevunjwa leo. Syombua, wewe bado ni mke wa hii boma."

Ah, laiti ningeweza kuishia hapo! Syombua alikwishaanza kuvuta pumzi. Alikwishamtazama Kavindu, aliyekuwa amesimama kando ya tangi na kitabu cha shule mkononi, akataka kumfanyia ishara kwamba yameisha.

"Hakuna ndoa ya kuvunja," alisema Kalekye.

Wote waligeuka.

Mama alikuwa ameshikilia fremu ya mlango. Alisema haraka, kama mtu anayetoa mwiba. "Ntheo haikuchinjwa."

Naomba nieleze kwa wale wa mbali. Unaweza kulipa ng'ombe, ukalipa asali na mablanketi, ukazaa watoto ukajaza nyumba. Kama mbuzi wa ntheo hakuchinjwa kwa watu wa msichana, kwa Wakamba hujaoa. Umekaa tu na binti wa watu.

"Nani hakuchinja?" alifoka Mzee Mutie. "Mimi nilikuwa Matiliku siku hiyo! Nilikula nyama!"

"Ulikula nyama ya buchari," alisema Kalekye. "Ilikuwa ile mwaka ya njaa. Mbuzi nilipeleka akafia njiani, tukifika Sultan Hamud. Tungerudi nyumbani na aibu, au tungefanya hivyo. Baba ya huyu msichana alikubali, alikuwa na njaa pia. Tulinunua nyama, ikapikwa, watu wakala. Muthama ndiye alibeba gunia."

Syombua alimgeukia kaka yake. "Ni kweli?"

Muthama hakuinua kichwa. "Niliambiwa nisiseme."

"Nilibariki nyama ya buchari," alisema Mzee Mutie polepole, akakaa chini. "Nilimwaga hata maziwa ya baraka." Hilo lilimuuma kuliko mengine yote ya siku hiyo.

Syombua alisimama katikati ya ua uliofagiwa kwa mikono yake asubuhi ile. Miaka tisa. Alimtazama mama aliyeulea ujauzito wake mara mbili, aliyemkanda mgongo, aliyempa jina la marehemu mumewe mtoto akiwa bado na utelezi wa kuzaliwa. Mama huyo alijua. Kila siku alipokuwa anaitwa mwaitu na kuitika, alikuwa anajua.

"Kama hukunioa," alisema Syombua, "miaka hii yote nimekupikia kama nani?"

Kalekye alikaza fundo la leso yake.

Aliyejibu ni Mulinge, na furaha ilikuwa imemzidi hata akasahau upole wake. "Kama mgeni! Bwana asifiwe, ukweli umetoka. Basi hatuhitaji hata mbuzi. Funga vitu zako, dada." Umeona? Shemeji imekwisha. "Muthama atakupeleka mpaka Kyuso, upande gari. Watoto watafuata nyuma, tutaangalia. Mama, wewe kuanzia kesho pumzika. Nimekutayarishia chumba pale nyuma ya stoo yangu ya ndengu. Huku lori za mchanga zitakuwa zinaingia na kutoka, kelele hutaiweza."

"Lori gani?" aliuliza Kalekye.

"Za mchanga wa mto, Mama. Shamba hii si inashuka mpaka mtoni? Ni mali imelala. Na sasa haina mwenyewe, ni lazima mtu wa ukoo aishike."

Kalekye aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyeitilia maanani isipokuwa Syombua. "Na simu yangu?"

"Nitakaa nayo mimi. Wewe kusoma hujui, utabonyeza vibaya pesa ipotee."

"Na sukari?"

"Utaniambia, nakuletea."

"Na ugoro?"

Mulinge alicheka kwa upendo, kama mtu anavyomcheka mtoto. "Ugoro ya nini, Mama? Na wewe ni mtu wa kanisa!"

Nasema uani pale paliingia baridi na jua lilikuwa linachoma. Kalekye alimtazama Mulinge kuanzia lile shati jeupe hadi viatu vyake. Alikuwa amemtoa binti yake ili asiulizwe neno lile, na mwenye kupewa alikuwa amelisema hata kabla binti hajafunga virago. Alijiona mjinga, na hasira ya mtu aliyejiona mjinga haina breki.

Alishuka kizingitini. Alichechemea hadi mbele ya Mzee Mutie.

"Mutie," alisema. "Ntheo ikiwa haikuchinjwa, inaweza kuchinjwa nyuma?"

"Hata mtu akiwa amekufa inachinjwa," alinung'unika mzee. "Huwezi kumzika mwanamke wa watu kama hujamaliza hiyo."

"Mbuzi inatoka kwa nani?"

"Kwa mwenye kuoa."

"Inaenda kwa nani?"

"Kwa watu wa msichana. Kwani hujui?"

"Najua. Nataka wewe useme." Alinyoosha mkono. "Hiyo mbuzi imetoka zizi ya nani? Na kamba imeshikwa na nani?"

Macho yote yalikwenda kwa Soksi. Alitoka zizi la Kalekye. Kamba yake ilikuwa mkononi mwa Muthama, mtoto wa kiume wa watu wa Matiliku.

Muthama aliitazama kamba kama vile ilikuwa nyoka.

"Ngoja kwanza!" Mulinge alipiga kelele. "Hiyo ni ya kukataa, si ya kuoa! Halafu iko na mtoto ananyonya!"

"Ulipotaka niichinje ya kukataa haikuwa na mtoto?" Mzee Mutie alikuwa ameshasimama, na uso wake ulikuwa umerudi kwenye uhai. "Ni kweli inafaa kuchinjwa kwao msichana. Lakini Matiliku ni mbali, ndugu yake yuko hapa, na mimi nimetoka nyumbani bila chai. Hizo mbuzi zingine za ntheo mtapeleka Matiliku mkipata. Kalekye, sema mbele ya watu. Unaoa huyu msichana?"

"Naoa," alisema Kalekye. "Kisu toa."

"Mama!" alilia Mulinge. "Mimi ni damu ya Nyamai!"

"Damu ya Nyamai iko pale kwa tangi imeshika kitabu. Toka kwa boma yangu."

Kavindu aliruka juu kwa furaha, hata hajakumbuka kwamba kisu kile ni cha Soksi. Hata Muthama alitabasamu, yule asiye na haya. Ungeona hapo ungesema mambo yamekwisha, watu wale, wanywe, walale. Wote walikuwa wamesahau mtu mmoja.

Syombua alitembea hadi kwa kaka yake akachukua ile kamba mkononi mwake. Hakumpokonya. Alimfungua vidole, kimoja kimoja, naye Muthama aliachia. Halafu akaivua kamba shingoni mwa Soksi, akaikunja, akaishika.

"Asubuhi nilikuwa mke," alisema. "Saa sita nikawa mtu wa kukataliwa. Saa saba nikawa mgeni. Sasa mnaniambia naolewa. Ndugu yangu ameniuza, mwaitu amenikana, mzee anataka nyama. Hakuna mtu ameniuliza kitu."

"Syombua," alisema Kalekye. Alimsogelea na kutaka kumshika mkono, ule mkono wenye kamba, na sauti yake ilikuwa ya mama tena, ile ya siku za uzazi. "Nilidanganywa. Nilikuwa na uchungu, mwanangu. Sasa nakuoa mbele ya watu, hii mara ya ukweli. Kubali."

Syombua alimtazama. Alimpenda, hilo ndilo lililomchoma. Angemchukia ingekuwa rahisi.

"Ya nini, mwaitu?" aliuliza.

Kalekye alirudi nyuma hatua moja, kama aliyepigwa kofi. Syombua hakulirudia neno lile, wala hakulifuta.

Hapo ndipo pikipiki ilipounguruma langoni. Alishuka msichana mrefu mwenye fulana ya Shirika na tabasamu la kazi. Alikuwa Waithera, yule yule aliyekuja mara ya kwanza.

"Hodi! Mtatusamehe, tumekuja siku moja mapema, kesho tunaitwa upande ingine." Aliangalia kisu, mbuzi, machozi, lile shati jeupe lililokuwa linajivuta kuelekea kwenye uzio. Tabasamu lilipungua. "Nimekuja saa mbaya? Ni swali moja tu, halafu naenda. Tunahakikisha tu nani ni wa boma hii kabla pesa itumwe."

Hakuna aliyemkaribisha kiti. Waithera alimgeukia Kalekye kwa heshima, maana ndiye mkubwa, kisha akanyoosha kidole taratibu kwa Syombua, aliyekuwa amesimama na kamba iliyokunjwa mkononi.

"Mama," aliuliza, "huyu ni nani wako?"

Kalekye alifungua mdomo kujibu. Syombua naye akafungua wake, wakati ule ule.